Mkonga hauna mfupa: mnajuaje babu wa tembo alikuwaje?

Swali la msomaji: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwongoza watalii, kazi yangu ni kati ya Karatu na Serengeti. Kila tukipita kwenye miamba yenye pimbi huwaambia wageni kwamba huyu ni ndugu yake tembo, nao hucheka. Juzi mmoja hakucheka, aliniuliza: mkonga ni nyama tupu, ukioza umekwisha, sasa wanaochimba mifupa wanajuaje kama tembo wa kale alikuwa nao au hakuwa nao? Nikakosa jibu. Naomba unieleze, hilo la pimbi ni kweli au ni hadithi ya kufurahisha wageni? Na tembo ametokana na mnyama wa namna gani?"

Marahaba. Nianze na pimbi, maana ndiye anayekupa taabu mbele ya wageni. Ni kweli, endelea kulisema, ila lirekebishe kidogo. Pimbi si babu wa tembo, wala tembo hakuwahi kuwa pimbi. Hawa ni binamu wa mbali mno. Babu yao mmoja aliishi Afrika zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, na tangu hapo kila ukoo umeshika njia yake. Katika ukoo huohuo yumo nguva, huyu wa baharini anayenaswa kwenye nyavu za wavuvi upande wa Rufiji na Lamu. Ukiupanua zaidi wanaingia muhanga, na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayepekua majani makavu kwenye misitu ya Udzungwa.

Wageni wakicheka usibishane nao. Waambie wasubiri pimbi apige mwayo. Wataona meno mawili marefu yamechomoza kwenye taya la juu, makali, na hayaachi kukua. Hayo ni meno ya mbele, si chonge. Sasa pembe ya tembo nayo ni jino la mbele la taya la juu; haina uhusiano wowote na pembe ya ng'ombe, inayoota kwenye mfupa wa paji la uso. Mlinganishe na ngiri: yale meno yake yaliyojikunja ni chonge, na makubwa kabisa ya kiboko ni chonge vilevile. Kwa macho, ngiri anamkaribia tembo kuliko pimbi anavyomkaribia. Ila sisi hatuulizi kitu kinafanana na nini. Tunauliza ni jino gani, la ngapi kutoka mbele, limeota kwenye mfupa upi. Kwa kipimo hicho ngiri anaondoka na pimbi anabaki.

Yapo mengine. Tembo jike ana matiti mawili kifuani, kati ya miguu ya mbele. Nguva naye ana mawili, kwapani mwa mapezi. Dume la tembo korodani zake hazishuki nje, zimekaa ndani karibu na figo, na la pimbi ni hivyohivyo. Pimbi jike hubeba mimba miezi 7 na zaidi, wakati mbuzi aliyemzidi uzito mara nyingi humaliza kwa miezi 5. Kila moja ya dalili hizi, ikiwa peke yake, inaweza kudanganya. Lililomaliza ubishi ni vinasaba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipolinganisha vinasaba vya mamalia wengi, tembo, nguva, pimbi, muhanga na sange walijikusanya upande mmoja, na mwaka 1998 kundi hilo likapewa jina Afrotheria. Wataalamu wa mifupa wengine walinuna, maana sange alikuwa amewekwa na virukanjia kwa miaka mingi.

Kwa nini wanyama wasiofanana hivi wawe ukoo mmoja? Kwa sababu Afrika, ikiwa imeshikana na Arabuni, ilikuwa kisiwa. Kwa makumi ya mamilioni ya miaka bahari iliitenga na Ulaya na Asia, na wanyama waliokuwa ndani yake wakajaza nafasi zote wenyewe. Ukienda kwenye visukuku vya Fayum, Misri, vya zaidi ya miaka milioni 30, utakuta pimbi ndio walioshika kazi inayofanywa leo na swala, pofu na nyumbu. Walikuwapo wadogo kama sungura, na walikuwapo waliofikia ukubwa wa faru mdogo. Hata kwetu wapo: kwenye miamba ya bonde la Rukwa yenye umri wa miaka milioni 25 hivi limetoka jino la pimbi lililoelezwa mwaka 2009 kwa jina Rukwalorax jinokitana. Hilo neno la pili ni Kiswahili chetu kabisa, maana meno ya mbele ya chini ya pimbi yana pengo-pengo na anayatumia kuchania manyoya yake. Baadaye bara likagusana na Asia, milango ikafunguka, wakaingia mababu wa swala, nyati, faru na jamii ya paka. Kwa hiyo ukitaka kuwanyamazisha wageni wanaocheka, waambie kwamba simba na nyati wanaowasafiria Serengeti ni ukoo wa wahamiaji. Wenyeji wa bara hili ni tembo na yule pimbi wanayemcheka.

Tembo ametokana na mnyama gani? Jibu limetoka Morocco, kwenye machimbo ya fosfeti ya Ouled Abdoun. Wachimbaji wa mbolea hukutana na meno ya papa na mifupa mingine kwa wingi, na humo mtafiti Emmanuel Gheerbrant wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Paris, pamoja na wenzake wa Morocco, wamepata wanyama wa kwanza kabisa wa ukoo wa tembo. Mwaka 1996 walimtangaza Phosphatherium. Mwaka 2009 wakamtangaza aliye mzee zaidi, Eritherium, wa miaka milioni 60 iliyopita. Uzito wake unakisiwa kuwa kilo 5 hivi. Yaani tembo wa kwanza tunayemjua angeweza kukaa juu ya mwamba pamoja na pimbi wako na mgeni asijue yupi ni yupi.

Mgeni mkorofi atauliza: kama hakuwa na mkonga wala ukubwa, mnasemaje ni wa ukoo wa tembo? Kwa sababu ya vitu vidogo ambavyo havipendezi kwenye picha. Jino moja la mbele limeanza kuwa kubwa kuliko majirani zake, na ndilo lilelile litakalokuja kuwa pembe. Vinundu vya magego vimeanza kuungana kuwa matuta yanayokata jino kwa upana, na hayo matuta utayafuata mpaka kwa tembo wa leo bila kukatika njiani. Jicho nalo limekaa mbele kwenye fuvu.

Baada ya hapo ukubwa ulikuja haraka. Huko Algeria alikuwapo Numidotherium, wa kimo cha mita moja hivi begani. Fayum imetoa Moeritherium, aliyepewa jina na Mwingereza Charles Andrews mwaka 1901: mwili mrefu, miguu mifupi, maumbile ya kati ya nguruwe na kiboko. Mwaka 2008 oksijeni iliyohifadhiwa kwenye meno yake ilipimwa, ikaonyesha aliishi sana majini. Yupo pia aliyechunguza vijusi vya tembo wa leo mwaka 1999 akakuta kwenye figo zao vijifereji vya aina inayoonekana kwa samaki na vyura, akasema babu wa tembo alikuwa mnyama wa maji, na mkonga ulianza kama bomba la kupumulia. Ni wazo la kuvutia na waandishi wa magazeti wanalipenda. Mimi siwezi kujenga nyumba juu yake. Moeritherium ni tawi lililochipuka pembeni likafa pembeni, na wale waliokuja kuota mkonga wa kweli walikuwa wanyama wa nchi kavu waliokula matawi ya miti.

Hapa niseme jambo kuhusu ile picha ya vitabu vya shule inayopanga wanyama mstari mmoja, Moeritherium kushoto, tembo kulia, kila mmoja mkubwa kuliko aliyemtangulia. Ifute kichwani. Tunajua zaidi ya spishi 160 za ukoo huu, nyingi ziliishi kwa wakati mmoja, na nyingi hazikumzaa yeyote. Leo zimebaki 3: tembo wa savana, tembo wa msituni wa Kongo na Afrika Magharibi, na tembo wa Asia.

Sasa mkonga. Mgeni wako aliuliza swali la mtu mwenye akili, na inabidi umjibu kwa fuvu. Mkonga kweli hauachi mfupa, ila misuli lazima ishike mahali, mishipa lazima ipite mahali, na mnyama lazima ale na anywe. Haya yote yanaacha alama.

Ya kwanza ni tundu la pua. Kwa mbwa, kwa pimbi, kwa Phosphatherium, tundu la pua kwenye fuvu liko ncha ya mbele. Kwa tembo limerudi juu, katikati ya macho, na ni pana ajabu. Ukiliona mara ya kwanza utadhani ni tundu la jicho moja kubwa. Misuli ya mkonga inashika kulizunguka. Kwa hiyo tunapoona kwenye mafuvu ya Fayum tundu hilo limeanza kurudi nyuma, tunajua pua ya nyama imeanza kurefuka mbele yake. Hatubahatishi, kwa sababu yupo mnyama hai wa kupimia: tapiri wa Amerika Kusini na Asia si wa ukoo wa tembo, lakini ana mkonga mfupi, na fuvu lake lina tundu la pua lililorudi nyuma.

Ya pili ni kitundu kilicho chini ya jicho, ambacho mishipa ya fahamu na ya damu hupitia kwenda usoni. Wewe na mimi tunacho, kidogo tu. Kwa tembo ni kikubwa, kwa sababu mkonga unahisi kila kitu na unahitaji fahamu na damu nyingi.

Ya tatu ni hesabu ya kawaida. Deinotherium, jamaa aliyeishi hapa Afrika Mashariki na ambaye mifupa yake imepatikana Olduvai, alikuwa mrefu kuliko tembo, shingo fupi, na pembe zake ziliota kwenye taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Mdomo wake usingefika kwenye maji asipopiga magoti. Alikunywaje miaka yote ile? Lazima alikuwa na mkonga wa namna fulani.

Ya nne ndiyo imechangamsha watafiti miaka ya karibuni: taya la chini. Ukoo wa tembo ulipitia kipindi kirefu cha kuwa na mataya ya chini marefu kupita kiasi, mengine yakiishia na pembe bapa kama ilivyokuwa kwa Platybelodon. Zamani ilisemekana mnyama huyu alichota majani ya kinamasi. David Lambert mwaka 1992 aliangalia michubuko kwenye zile pembe bapa, akakuta imetokana na kusugua na kukata mimea migumu, si tope. Hivi karibuni Shi-Qi Wang wa Beijing na wenzake wamelinganisha aina tatu za tembo hawa wa taya refu, mataya yao, mapua yao na chakula chao. Wanavyoona, taya ndilo lililofanya kazi ya kukata na pua ilikuwa msaidizi wa kushika tawi lisiponyoke. Nchi ilipokauka na kuwa ya nyasi wazi, mnyama aliyejua kuviringisha pua yake na kuzoa nyasi laini alipata faida, maana nyasi laini haziwezi kusimama zingoje kukatwa. Pua ikazidi kuwa hodari. Na ilipokuwa hodari vya kutosha, lile taya refu likawa mzigo, likafupika kizazi hadi kizazi.

Basi mwambie mgeni: mkonga haukuanza kwa tembo mrefu aliyeshindwa kufika chini. Ulianza kama mkono wa kusaidia taya, ukaishia kuchukua kazi yote. Urefu wake kwa sentimita kwenye michoro ya makumbusho ni wa mchoraji; kuwepo kwake ni kwa fuvu.

Lakini watalii wako wakikupa nafasi ya kusema jambo moja tu, usiseme la mkonga. Sema la magego. Ningeambiwa nichague kati ya mkonga mzima uliohifadhiwa kwenye barafu na gego moja la Olduvai linalojulikana lilitoka tabaka gani, ningechukua gego.

Gego la tembo ni kitu cha ajabu. Lina uzito wa kilo kadhaa, na ukilikata kwa urefu utaona mabamba yamesimama wima yamebanana, kama mkate wa silesi ulio ndani ya mfuko wake. Kila bamba lina enameli nje na dentini ndani, na kati ya bamba na bamba kuna saruji ya jino. Enameli ni ngumu kuliko vingine, kwa hiyo jino linapolika, kingo za enameli zinabaki zimesimama, na tembo husaga kwa kuvuta taya kutoka nyuma kwenda mbele, si kulipeleka kando kama ng'ombe anavyocheua. Kadiri mabamba yanavyokuwa mengi, ndivyo kingo za kusagia zinavyoongezeka. Kadiri jino linavyokuwa refu kwenda juu, ndivyo linavyodumu.

Halafu namna linavyobadilishwa. Sisi jino jipya hutoka chini ya la zamani. Kwa tembo jipya hutokea nyuma ya taya na kusogea mbele polepole, huku la zamani likimegeka vipande na kuanguka. Kila upande wa kila taya hupata magego 6 maishani, moja au mawili yakiwa kazini kwa wakati mmoja. La sita likiisha, tembo ameisha. Ndiyo maana wale wazee sana huwakuta kwenye vinamasi wakitafuta majani laini. Mtafiti Richard Laws, aliyefanya kazi kwenye tembo wa Uganda, mwaka 1966 alitoa jedwali la kukadiria umri wa tembo kwa kuangalia gego lipi liko kazini na limelika kiasi gani. Mpaka leo ukiokota taya porini, ndiyo njia.

Utaratibu huu ulianza lini? Fayum bado haupo. Wale wa Misri walikuwa na magego yote mdomoni kwa pamoja. Mwanzo wake umeonekana Eritrea. Mkulima wa eneo la Dogali aliokota taya, na mwaka 2006 Jeheskel Shoshani na wenzake wakalitangaza kwa jina Eritreum. Jina la mkulima mwenyewe likawekwa kwenye jina la spishi, heshima ambayo hawa waokotaji wetu hawaipati mara nyingi. Lina umri wa miaka milioni 27 hivi, mnyama mwenyewe hakufika nusu tani, na magego yake yalikuwa yameanza kusukumana kwenda mbele. Jirani, huko Chilga nchini Ethiopia, John Kappelman, William Sanders wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wamefukua wanyama wa wakati huohuo: jamaa wa zamani wa aina ya Fayum, jamaa wa kwanza-kwanza wa Deinotherium, na wa aina mpya, wote bonde moja. Ulikuwa ni wakati wa makutano, miaka milioni chache kabla milango ya bara kufunguka.

Tembo wenyewe, yaani familia hii ya leo, wanaonekana kwenye tabaka za miaka kati ya milioni 7 na 5 kama zile za Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana. Humo yumo Primelephas, aliyeelezwa na Vincent Maglio mwaka 1970. Gego lake la mwisho lilikuwa na mabamba 7 hivi, mafupi. Tembo wa savana wa leo ana 10 na kuzidi. Mamothi wa manyoya wa Siberia, jamaa wa tembo aliyekwisha kutoweka, alipita 20.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo limebadilisha namna tunavyofikiri. Chakula alichokula mnyama kimeandikwa kwenye enameli yake. Nyasi za savana ya joto hushika kaboni ya hewani kwa njia tofauti na miti, na tofauti hiyo huingia kwenye jino la anayezila na kukaa humo mamilioni ya miaka. Unatoboa unga kidogo wa enameli, unapima, unajua alikula nyasi au majani ya miti. Thure Cerling wa Chuo Kikuu cha Utah, pamoja na John Harris na Meave Leakey, walifanya hivyo mwaka 1999 kwa tembo wa kale na wa leo. Wakakuta kwamba tembo wa Afrika Mashariki walihamia kwenye nyasi kiasi cha miaka milioni 7 iliyopita.

Mwaka 2013 Adrian Lister wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya London akaweka pamoja mambo matatu kwenye mfululizo wa miaka milioni 20: hali ya nchi, chakula kilichoandikwa kwenye enameli, na umbo la gego. Tulizoea kudhani yanakwenda pamoja. Hayakwenda pamoja. Tembo walianza kula nyasi wakiwa bado na magego mafupi ya kula majani ya miti, na magego marefu yakaja miaka milioni kadhaa baadaye. Mnyama alibadili mwenendo kwanza, mwili ulimfuata.

Usielewe vibaya kwamba nyasi zilivuta jino likarefuka. Nyasi zina chembe ngumu za silika, na anayekula chini hula na vumbi. Tembo mwenye gego fupi alilimaliza mapema. Aliyezaliwa na gego refu kidogo aliongeza miaka, na kwa tembo jike miaka ni ndama, maana huendelea kuzaa hata akiwa na umri wa miaka hamsini. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa vizazi maelfu kwa maelfu, ndiyo iliyolipandisha gego. Utafiti wa Juha Saarinen na Lister wa mwaka 2023 umeongeza kwamba vipindi vya ukame viliusukuma mwendo huu hatua kwa hatua, na unyevu uliporudi magego hayakurudi kuwa mafupi.

Mfano wake bora umelala chini ya miguu yako. Tembo aliyetawala Olduvai zama za zana za mawe si babu wa huyu unayemwonyesha wageni. Ni mwingine, Palaeoloxodon recki, aliyepewa jina la Hans Reck, mjiolojia wa Kijerumani aliyefanya kazi pale korongoni mwaka 1913. Madume makubwa yalifikia mita 4 begani. Alikuwa mla nyasi hasa, na kwa miaka zaidi ya milioni 2 gego lake lilizidi kuwa refu, mabamba yakiongezeka na enameli ikiwa nyembamba yenye mikunjo, kwa mpangilio ambao watafiti waliutumia kukisia umri wa tabaka. Olorgesailie, Kenya, mifupa yake imekutwa pamoja na zana za mawe za karibu miaka milioni moja. Wakati huo babu wa tembo wetu wa savana alikuwapo, lakini hakuwa na jina kubwa. Na Deinotherium alikuwa bado yupo sehemu kubwa ya kipindi cha recki, hakugusa nyasi hata siku moja, aking'ang'ania miti mpaka alipotoweka yapata miaka milioni moja iliyopita.

Kisha kati ya miaka laki tano na laki tatu iliyopita nchi ya Bonde la Ufa ikayumba, ukame na mvua vikipokezana vibaya, na wala nyasi wakubwa wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Recki akatoweka. Aliyebaki ni yule asiyechagua sana. Vipimo vilevile vya Cerling vinaonyesha tembo wa Afrika wa leo hula zaidi miti na vichaka, ingawa gego lake linaweza nyasi. Wewe unamwona mwenyewe: masika anang'oa nyasi, kiangazi anachuna magome ya migunga. Nadhani ni kuweza vyote viwili kulikomwokoa.

La mamothi nilipite haraka. Wageni wa kutoka nchi za baridi hudhani ni mnyama wao. Visukuku vya mamothi wa kwanza vimetoka Afrika, vingine Afrika Kusini, vya takriban miaka milioni 5. Alihamia kaskazini baadaye, akaota manyoya huko. Na vinasaba vinaonyesha anamkaribia zaidi tembo wa Asia kuliko wa kwetu.

Si mifupa tu inayosema. Ukipita Laetoli, kumbuka kwamba kwenye majivu yaleyale yaliyohifadhi nyayo za watu wa kale wa miaka milioni 3.66 zimo pia nyayo za tembo. Zipo kongwe zaidi Abu Dhabi, mahali paitwapo Mleisa, za miaka milioni 7 hivi: kundi la wanyama wasiopungua 13, wakubwa kwa wadogo, wamepita hapo pamoja, na mmoja mkubwa aliyekata njia peke yake. Faysal Bibi na wenzake walioutangaza uwanja huo mwaka 2012 wanaona hapo majike na watoto upande mmoja, dume mpweke upande mwingine, mpangilio uleule unaouona wewe kila siku.

Nimalizie na jambo la kazini kwako. Mvua zikinyesha upande wa Olduvai na Laetoli, maji huchimbua magego, na mgeni ataliona na kutaka kuliinua ashike kwa picha. Mkataze. Kisheria ni mali ya taifa, lakini kuna sababu ya zaidi: gego likishaondolewa kwenye tabaka lake hatuwezi tena kusema ni la lini, kwa kuwa umri tunaupata kwenye majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Lipige picha lilipo, ukiweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, andika vipimo vya eneo kutoka kwenye simu, kisha umpelekee ofisa wa mambo ya kale aliye karibu. Wakati wa kupiga picha elekeza kamera kwenye sehemu ya kusagia, si ubavuni, ili mabamba yahesabike.